Miaka tisa na chembe sahani chache: ninavyoisoma karatasi ya majibu ya damu

Ngerengere aliandika:

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la maabara nikisubiri majibu yangu, na pembeni yangu alikaa kijana mmoja aliyeishika karatasi yake kwa mikono miwili, macho yake hayabanduki kwenye mstari mmoja ulioandikwa PLT 41, yaani hesabu ya chembe sahani, na herufi L mbele yake, yaani iko chini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii ndiyo kansa ya damu?" Nilimweleza nilichoweza kabla hajaitwa ndani, kisha tukapoteana. Yale ambayo sikuwahi kummalizia nimeona niyaandike hapa, maana mwaka 2016 nami nilikaa na karatasi ya namna hiyo na hapakuwa na mtu wa kunifafanulia.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, na kwa miaka tisa sasa ninaishi na ugonjwa ambao kinga ya mwili huzishambulia chembe sahani za damu, ule ambao madaktari huuita kwa kifupi ITP. Ninachotaka kusema ni kimoja: namba ya chembe sahani haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na mistari mingine ya karatasi hiyohiyo, pamoja na namba zilizoitangulia, na pamoja na ngozi na kinywa cha mwenye damu.

Masika ya mwaka ule niliona vitone vyekundu kwenye miundi yangu, vidogo kama ncha ya kalamu, nikadhani ni harara. Havikuwasha. Nilivikandamiza kwa bilauri ya kioo, havikufifia, wala sikujua maana yake. Sasa najua kwamba wekundu wa vipele vya kawaida aghalabu hufifia ukibanwa, ilhali kitone cha damu iliyovuja chini ya ngozi hubaki vilevile. Kisha fizi zikaanza kutoa damu kila ninapopiga mswaki, na hedhi ikaenda siku kumi na moja. Katika zahanati niliyokwenda nilitibiwa malaria mara mbili bila kupimwa picha nzima ya damu, na mara ya pili, kwa kuwa nililalamika mgongo unauma, nilichomwa sindano ya diklofenaki kwenye kalio. Usiku ule palipochomwa paliumuka hadi ukubwa wa chungwa, pakawa pagumu, pa rangi ya zambarau. Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka hospitali alfajiri. Majibu yakatoka: PLT 9.

Chembe sahani ni vipande vidogo mno vinavyotengenezwa kwenye uboho wa mifupa na kuingia katika mzunguko wa damu, ambamo huishi siku saba hadi kumi hivi. Mshipa ukichanika, ndizo za kwanza kufika, hujibandika penye tundu na kushikamana zenyewe kwa zenyewe mpaka damu izibike. Kiwango kinachoandikwa kuwa cha kawaida kwenye karatasi nyingi ni 150 hadi 450, kwa hesabu ya bilioni katika lita moja ya damu. Kwa mgonjwa wa ITP, kinga hutengeneza kingamwili zinazozigandama chembe hizo, na bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuziondoa chembe zilizochakaa, huziharibu zikingali changa. Uboho nao hushindwa kuzalisha kwa kasi ya kufidia. Chini ya 100 ndipo madaktari huanza kuuita kwa jina hilo, baada ya kuondoa sababu nyingine, na ukipita miezi kumi na miwili huitwa sugu.

Naomba niseme neno juu ya mtu mmoja, kwa sababu habari yake ilinisaidia kukubali kwamba sikurogwa wala sikula kitu kibaya. Mwaka 1950, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, daktari kijana aitwaye William Harrington alijitia mwilini damu ya mwanamke aliyekuwa na ugonjwa huu, ili ajue kama kinachoziangamiza chembe sahani kimo ndani ya damu yenyewe. Baada ya saa chache chembe zake ziliporomoka, akapata degedege, na ikachukua siku kadhaa kabla hazijarudi. Tangu hapo ikajulikana kwamba damu ya mgonjwa hubeba kitu kinachoziua chembe za mtu mzima wa afya. Mimi nilipoisoma habari hiyo nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Sasa nije kwenye karatasi yenyewe.

Neno letu "damu" ndilo linalotuchanganya kwanza. Nilipolazwa, ndugu waliambiwa "damu yake imeshuka", na mama mkwe wangu, Mungu ambariki, akaja na dumu la lita tano la juisi ya rozela na fungu la viazi vyekundu, kwa kuwa kila mtu kwetu anajua hivyo ndivyo vya kuongeza damu. Lakini kinachotafutwa kwa rozela ni wekundu wa damu, ule unaoandikwa HGB, na HGB yangu siku ile ilikuwa 12.8, haina tatizo. Kilichokuwa chini ni PLT. Hiyo ni mistari miwili tofauti ya karatasi moja, na kuupandisha mmoja hakuupandishi mwingine. Niliinywa juisi kwa heshima, na ilinipa maji mwilini, ila si tiba ya ugonjwa huu.

Kwa hiyo, ukipewa karatasi, tafuta mistari mitatu kabla ya yote: WBC, yaani chembe nyeupe, HGB, yaani wekundu wa damu, na PLT. Ikiwa PLT pekee ndiyo iliyoshuka na hiyo miwili iko sawa, picha hiyo huendana na ITP, ingawa haitoshi kuuthibitisha. Ikiwa na chembe nyeupe zimeshuka au zimepanda kupita kiasi, au HGB imeanguka bila sababu inayoonekana, usikubali kurudi nyumbani na jibu la "chembe sahani chache" tu. Omba daktari akueleze hiyo mistari mingine, kwani magonjwa ya uboho huanza kujionesha hapo. HGB inaweza pia kushuka kwa sababu tu unapoteza damu kila mwezi. Mwaka 2018 yangu ilifika 8.9, na mstari wa MCV, unaoonesha ukubwa wa chembe nyekundu, nao ukawa chini, dalili iliyompa daktari wangu shaka ya upungufu wa madini ya chuma kutokana na hedhi nzito. Tulitibu hedhi na madini ya chuma, na HGB ikapanda huku PLT ikibaki palepale.

Jambo la pili ni kipimo cha hesabu. Maabara moja huandika 38, nyingine 38,000, na zote zimesema kitu kilekile, kwani ya kwanza huhesabu mabilioni kwa lita na ya pili huhesabu chembe kwa mikrolita. Kuna maabara binafsi iliyonipa 38,000 wakati nimezoea kuona 30 na 40, nikampigia mume wangu nikilia kwa furaha kwamba nimepona. Somo hilo lilinigharimu jioni nzima ya huzuni.

La tatu ni mabadiliko madogo. Ikiwa mwezi uliopita ulikuwa na 24 na leo una 29, usishangilie. Ikiwa ulikuwa na 29 na leo una 24, usilie. Mashine yenyewe, hasa namba zikiwa chini hivi, inaweza kutofautiana kwa kiasi hicho kwa damu ya mtu yuleyule. Tazama mwelekeo wa vipimo vitatu au vinne, ikiwezekana kutoka maabara ileile.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Baba Wawili aliandika:

Shikamoo mwalimu, na asante kwa uzi. Mwanangu wa miaka mitano aliugua mafua, na baada ya wiki mbili akaota vitone mwili mzima na michubuko kwenye mapaja. Amepimwa ana 12. Daktari amesema tumwangalie tu bila dawa, arudi baada ya wiki. Mke wangu halali. Je, daktari huyu yuko sahihi kweli, na namba ni 12?

Ngerengere aliandika:

Marahaba, ndugu yangu, na poleni sana nyote wawili. Mfikishie mama wa mtoto salamu zangu, maana usiku wa namna hiyo naujua.

Kwa watoto ugonjwa huu una tabia nyingine kabisa. Mara nyingi huja wiki chache baada ya maambukizi ya virusi, na watoto wengi, takriban wanane kati ya kumi, hupona ndani ya mwaka mmoja, wengi wao bila kupewa dawa yoyote. Kwa mtoto ambaye damu yake inaonekana kwenye ngozi tu, kuangalia bila dawa ni njia inayokubalika na miongozo ya kimataifa, hata namba ikiwa ya chini hivyo. Daktari wako hajamtelekeza mwanao. Kinacholengwa ni kuzuia damu isimwagike, na namba nzuri si lengo lenyewe.

Ila msikae mbali na hospitali. Mtoto akilalamika kichwa kinamuuma sana, akitapika ovyo, akianguka na kugonga kichwa, akitoka malengelenge ya damu ndani ya mdomo, akitokwa muhina (damu ya puani) usiokatika, au choo kikiwa cheusi kama lami, mpelekeni saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana, bila kusubiri siku ya miadi. Msimpe asprini wala ibuprofeni kwa homa; paracetamoli inatosha kwa kipimo cha umri na uzito wake. Na popote anapotibiwa, mseme mapema kwamba ana chembe sahani chache, ili asichomwe sindano ya msuli bila daktari kufikiri kwanza. Miti na baiskeli viwekwe pembeni kwa sasa.

Hadubini aliandika:

Mimi ni mtaalamu wa maabara, na ninaomba kuongeza jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake mna dawa ya kuzuia kuganda iitwayo EDTA. Kwa watu wachache, kama mmoja katika elfu moja, dawa hiyo huzifanya chembe sahani zishikamane mafungumafungu ndani ya chupa. Mashine hulihesabu fungu zima kama chembe moja, au huliona kubwa mno na kuliacha, kisha huandika 30 kwa mtu mwenye 200. Mtu huyo si mgonjwa, lakini anaweza kujikuta anameza dawa kali kwa miezi.

Kujua ni rahisi. Tone la damu hupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, na mafungu yakiwapo yataonekana, mara nyingi pembezoni mwa utandu. Hapo tunarudia kipimo kwa chupa yenye kifuniko cha bluu, ambayo dawa yake ni sitreti, na jibu tunalizidisha kwa 1.1 kwa kuwa dawa hiyo ya maji huizimua damu kidogo. Hali kama hiyo hutokea pia pale mshipa ulipotafutwa kwa shida na damu ikaanza kuganda kabla ya kuingia chupani, au chupa isipopinduliwa taratibu mara kadhaa ili ichanganyike. Kwa hiyo namba inayoshangaza kwa mtu asiye na kitone wala mchubuko irudiwe kwanza, ndipo mengine yafuate.

Jambo jingine ni chembe zilizo kubwa kupita kawaida. Mashine nyingi hutofautisha chembe kwa ukubwa, na sahani iliyo kubwa sana huweza kuhesabiwa kama chembe nyekundu. Mgonjwa wa ITP huwa na baadhi ya chembe kubwa kwa sababu uboho unazitoa zikingali changa; lakini zikiwa nyingi sana na kubwa sana, na katika ukoo wako wapo wengine wenye hali hiyo tangu utotoni, huenda ni ugonjwa wa kurithi, ambao dawa za kutuliza kinga hazitausaidia.

Ngerengere aliandika:

Nakushukuru kwa moyo wote, ndugu Hadubini. Laiti kila mgonjwa angemsikia mtu wa maabara akizungumza hivi. Ukubwa huo wa chembe ndio unaoandikwa MPV, na msishangae mkikuta mashine imeweka nyota badala ya namba: chembe zikiwa chache mno hushindwa kupima.

Niongeze sababu nyingine zilizo karibu nasi. Malaria hushusha chembe sahani, na dengi pia, kama walivyoona wakazi wengi wa Dar es Salaam katika milipuko ya 2014 na 2019. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina C huweza kujitokeza kwa namna hii kabla ya dalili nyingine, ndiyo maana mimi nilipimwa vyote viwili, na yeyote asikatae kupimwa kwa kuona aibu. Kichocho cha tumbo, ambacho watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanakijua, huharibu mishipa ya ini na kuivimbisha bandama, na bandama iliyovimba hukusanya chembe sahani ndani yake kama ghala, hivyo zinazobaki kwenye mzunguko zikaonekana chache. Kwa mgonjwa wa ITP bandama kwa kawaida haivimbi. Daktari akikulaza chali na kukugusa chini ya mbavu za kushoto, hilo ndilo analolitafuta.

Tena yafaa kujua kwamba tafiti zilizofanywa kwa watu wazima wenye afya katika Afrika Mashariki zimeonesha kiwango cha chini cha kawaida kilicho pungufu ya 150. Mtu mwenye 135 miaka yote, asiyetoka damu, na mistari mingine yote iko sawa, huenda hana ugonjwa wowote.

Mama Kijacho aliandika:

Dada, mimi nina ujauzito wa wiki 34, wa pili. Kliniki wamenipima PLT 118. Ule wa kwanza sikuwahi kuambiwa jambo hili. Je, nimepata ugonjwa kama wako?

Ngerengere aliandika:

Hongera kwa ujauzito, mdogo wangu. Kwa namba hiyo na kwa umri huo wa mimba, kinachowezekana zaidi ni upungufu unaoletwa na ujauzito wenyewe, ambao huwapata wajawazito wengi katika miezi ya mwishoni, kwa kawaida haushuki chini ya 70, haumdhuru mtoto, na huisha wiki chache baada ya kujifungua. ITP mara nyingi huonekana mapema zaidi, au ilikuwapo kabla ya mimba. Tafuta karatasi yako ya miezi mitatu ya kwanza uone PLT ilikuwa ngapi; hiyo ndiyo itakayomsaidia sana daktari.

Hata hivyo, kuna jambo moja lisilopaswa kusubiri. Uliza shinikizo lako la damu limesomeka ngapi, mkojo umepimwa protini, na vipimo vya ini vikoje, kwa kuwa kifafa cha mimba nacho hushusha chembe sahani. Ukiumwa kichwa sana, ukiona maluweluwe, au ukipata maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Naendelea na habari ya dawa, kwa kuwa watu watatu wameniandikia pembeni.

Nilianza na predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Ndani ya siku kumi namba ilipanda kutoka 9 hadi 112, na ndani ya siku hizo hizo uso ukawa wa duara, usingizi ukapotea, na sukari ikaanza kupanda. Kila tulipopunguza dozi, namba ilishuka nayo. Siku hizi miongozo huwataka madaktari wasiendelee na dawa hiyo kwa muda mrefu katika matibabu ya mwanzo, isizidi wiki sita hadi nane pamoja na siku za kupunguza; mimi niliinywa kwa miezi saba, na mifupa yangu inaikumbuka. Lakini asiache mtu kwa ghafla, maana mwili huwa umesahau kutengeneza homoni yake. Daktari wangu alinipa pia ivermektini kabla ya kuanza, kwa sababu kuna aina ya minyoo ya udongoni ambayo hutulia mwilini kwa miaka na kusambaa vibaya kinga ikishushwa. Kwa sisi tuliokulia kutembea peku shambani, ni swali la kumuuliza daktari.

Wapo wanaotolewa bandama. Huwasaidia wengi, lakini katika nchi yenye malaria uamuzi huo ni mzito, kwani asiye na bandama huumwa vibaya kwa malaria na kwa vimelea kama vile vya nimonia. Chanjo zitolewe kabla ya upasuaji, na kinga ya malaria iwe jambo la maisha.

Kwa wachache wanaopata vidonge vya eltrombopagi, vinavyouchochea uboho: kalsiamu hukizuia kidonge hicho kufyonzwa. Kimezwe saa mbili kabla au saa nne baada ya chai ya maziwa, mtindi au dagaa. Namfahamu dada aliyetumia akiba yote ya familia kununua vidonge hivyo na kuvimeza kila asubuhi kwa chai ya maziwa, namba isisogee. Alipohamishia usiku wa manane, ikapanda.

Na majani ya mpapai, ambayo nimeulizwa mara mbili: yaliyochunguzwa kwa wagonjwa yamechunguzwa hasa katika dengi, ambamo chembe hupanda zenyewe homa inapoisha. Kwa ITP sugu sijaona sababu ya kuyategemea, na sipendi mtu ayanywe huku akiacha kliniki.

Mimi tangu 2021 sinywi dawa. Namba yangu hukaa kati ya 35 na 60, na daktari wangu huridhika nayo kwa kuwa iko juu ya 30 na sitoki damu. Nilipong'olewa jino tulipanga mapema. Kwa upasuaji mkubwa angetaka ifike 80 hivi. Ninachofanya kila kipimo ni kuandika kwenye daftari la shule la kurasa arobaini. Mistari ya mwaka huu inasomeka hivi:

Januari 14: PLT 52, HGB 12.1. Ngozi safi.
Aprili 3: PLT 21, HGB 11.8. Malaria wiki iliyopita. Vitone miguuni, mdomo safi.
Aprili 24: PLT 47, HGB 11.9. Vitone vimeisha. Hakuna dawa iliyoongezwa.

Ile 21, ingesomwa peke yake, ingenirudisha kwenye predinisoloni. Daktari aliutazama mstari wa juu yake, akasoma neno malaria, akanikagua kinywa, akasema tusubiri wiki tatu.

Baba Wawili aliandika:

Mwalimu, tumerudi kliniki leo. Amepata 67. Mama yake amelala tangu saa tisa alasiri, na sijataka kumwamsha. Nimenunua daftari.

Ngerengere aliandika:

Alhamdulillah. Mwache alale. Andika tarehe, 67, na HGB yake, kisha mvue mtoto shati utazame mgongo na miundi kwenye mwanga, uandike na hayo. Kipimo kijacho mkifanye maabara hiyohiyo.